Kanga, Ngedere na Neno "Kibichi"

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa shamba, na shamba lina mwenyewe.

Basi sogeeni, msikilize. Anayetaka maji anywe sasa, nikianza sisimami.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanalima, palikuwa na Kanga. Kanga alikuwa mjane mwenye vifaranga saba. Mdogo wao aliitwa Kidoti. Shamba lao lilikuwa bondeni, kwenye udongo mweusi, na Kanga alililima peke yake kwa miguu yake miwili.

Mchana alipalilia. Usiku alifukuza nguruwe pori. Hakuwa na saa ya kulala.

Siku moja akaja Ngedere, jirani yake wa msituni, na ukoo wake mzima nyuma.

"Hodi, Mama Vifaranga."

"Karibu, jirani. Usikanyage matuta."

"Mbona macho mekundu hivyo? Hulali?"

"Nikilala, nguruwe atafukuzwa na nani?"

"Na sisi! Tuko wengi, tunakaa juu, tunaona mbali. Wewe lala."

"Na malipo yenu?"

"Madogo tu. Vikavu vyote vyako, vibichi vyetu."

Kanga alikuwa amechoka. Akawaza: kibichi ni majani ya kunde, na majani ya kunde ukiyachuma yanachipua tena. Akasema, "Haya."

Wakamwita Bi Kobe awe shahidi. Bi Kobe hakuwa na haraka wala huruma, lakini neno akilisikia halisahau, haliongezi, halipunguzi.

Mvua za vuli zikanyesha. Kunde zikatambaa. Ngedere wakafukuza nguruwe kweli, na Kanga akalala. Wakaja wakachuma majani. Kanga akaona ni haki yao.

Kunde zikatoa maua, zikaweka maganda ya kijani. Kanga akachukua kikapu akachume za kuchemshia wanawe, nyingine aziache zikauke. Akamkuta Ngedere amekaa katikati ya shamba, mdomo umejaa, anaimba:

"Kibichi changu, kikavu chako,
Mama Vifaranga, nenda zako!"

"Jirani! Sisi tulisema majani."

"Nani alisema majani? Hizi ni kavu?"

"Si kavu."

"Basi ni nini?"

Kanga akaweka kikapu chini. Akaenda kwa Bi Kobe. Bi Kobe akatoa kichwa nje.

"Mlisema vibichi. Hamkusema vibichi vipi."

Ngedere wakala kunde zote, hata moja haikubaki kukauka. Kanga na wanawe wakala mchwa na mbegu za nyasi.

Lakini Kanga hakukaa kulia. Alikwenda ng'ambo ya mto kwa dada yake Kwale, akaomba vijiti vya mihogo.

"Ninayo mitamu na michungu," alisema Kwale. "Unataka ipi?"

"Nipe michungu."

Akaipanda ukingoni mwa shamba lote.

Masika yakaja. Kanga akapanda mahindi. Yakabeba vizuri. Punje zikajaa maziwa, ukizibonyeza zinakurukia usoni. Vifaranga wakawasha moto wa kuchomea. Kabla makaa hayajashika, ukoo ukashuka kutoka mitini.

"Kibichi changu, kikavu chako,
Mama Vifaranga, nenda zako!"

"Jirani, niachie tuta moja. Nina watoto."

"Mimi sina? Ngoja yakauke, yatakuwa yako."

"Yatakauka vipi yakiwa tumboni mwako?"

"Hilo muulize Bi Kobe!" Ukoo mzima ukacheka.

Yakabaki magunzi. Kiangazi kikaingia na ghala tupu. Nyasi zikakauka, mchwa wakazama ardhini. Kidoti akaanza kusinzia mchana. Siku ya nne hakuweza kusimama. Kanga akamtazama, akajua kwamba hana mwezi mwingine wa kungojea mihogo inenepe zaidi.

Akaenda ukingoni, akang'oa shina moja la muhogo. Lilikuwa na mizizi minene kama mapaja. Ngedere alikuwa juu, anaona mbali. Akashuka.

"Mama Vifaranga! Umetuficha haya yote chini?"

"Sijaficha, jirani. Lakini huu ni mchungu. Hauliwi hivi. Unamenywa, unalowekwa siku tatu, unaanikwa, unatwangwa."

"Siku tatu, uanikwe! Ili ukauke, uwe wako?"

"Nakwambia utakuumiza."

"Chakula kizuri hivi kiumize nani?"

"Nimekwambia mara mbili. Hii ni ya tatu: usile."

"Kibichi changu!" akasema Ngedere, na hakumaliza wimbo, maana ukoo ulikuwa umeshaanza kung'oa.

Wakatafuna mbichi. Ilikuwa michungu, lakini wakatafuna, kwa sababu walidhani wananyimwa. Jua halijafika utosini, wote walikuwa chini. Vichwa vinazunguka, matumbo yanakata, wanatapika hadi nyongo.

Kanga akawaletea maji. Pole hakuwaletea.

Jioni Ngedere akajikokota hadi kwa Bi Kobe.

"Bi Kobe, narudisha neno. Kibichi cha shamba lile sikitaki."

"Kipi hukitaki?"

"Chote! Jani, ganda, gunzi, mzizi, chote kibichi sikitaki tena!"

"Nimesikia. Vibichi ni vya Kanga. Vikavu vilikuwa vyake tangu mwanzo."

"Basi sisi twende zetu."

"Mwende wapi? La kufukuza nguruwe hukulirudisha."

Ngedere akalala pale pale.

Kanga akamenya mihogo iliyobaki, akailoweka siku tatu, akaianika juu ya jiwe, akaitwanga. Kidoti alilishwa uji kwanza, kijiko kwa kijiko. Siku ya pili akaomba ugali. Siku ya tatu akawa anagombana na kaka zake, Kanga akajua amepona.

Tangu hapo kwa Kanga huliwa cha msimu. Vuli, majani ya kunde na maganda yake. Masika, mahindi ya kuchoma, matuta matatu tu, mengine yanaachwa yakauke. Kiangazi, ugali wa muhogo. Ngedere bado wanafukuza nguruwe. Kanga huwapa kikapu cha muhogo mkavu, kwa sababu anajua mlinzi akishinda na njaa ataiba.

Ngano hii inatufunza kwamba kila chakula kina wakati wake na namna yake ya kuliwa. Kilichopo kwa msimu kuleni mfurahi, ila msikimalize kikiwa kibichi, mkakosa cha kukausha. Na jirani akikuletea makubaliano, kabla hujasema "haya", uliza "kipi?"

Hadithi yangu imefika mwisho wa tuta. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu lowekeni.