Kamba ya Mize na Kasri Lisilokwisha

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mawe, Sultani Mwinyikombo alikuwa akijenga kasri, na mwaka wa tatu ulikuwa ukienda, paa halijapata hata boriti moja. Amri ilikuwa fundi asirudi kwake mpaka kasri liishe. Basi Mize, mke wa mwashi Shomvi, akajifungua peke yake, mtoto akaanza kutembea, na babake hajamtia machoni. Kila akienda langoni mnyapara humwambia, "Mwezi ujao, bibi, inshallah," kwa kuwa mnyapara wa kwanza alisema kweli, akapelekwa kukoroga chokaa.

Sultani naye akachoka kungoja, akakusanya wanazuoni kumi na wawili wachunguze kwa nini majengo makubwa huchelewa. Wakachunguza, wakaandika, karatasi zikajaa hata zikahitaji kujengewa nyumba, ikawa na nyumba ile imechelewa. Sultani akaghadhibika, akapiga mbiu: atakayemleta mchelewesha kazi, kamfunga kamba, atapewa alitakalo, atakayeshindwa, atakoroga chokaa maisha yake yote. "Na huyo mchelewesha nitamtosa katika shimo la chokaa, awe mwanangu, awe nani."

Mize akaenda barazani, mtoto mgongoni, maneno yanamtoka mbio kabla hajayapanga. "Maulana, nipe kamba, ndefu, ndefu sana, na usinikasirikie, mimi sijui kitu, nitauliza tu, na kila atakayesema kaagizwa nitamfunga nimfuate aliyemwagiza, mpaka nimpate asiyeagizwa."

"Huo nao ni uchunguzi?" wanazuoni wakacheka.

"Mpeni," akasema Sultani. "Chokaa ina upungufu wa watu."

Akaingia penye ujenzi, na mtu wa kwanza kumwona ni Shomvi, anabomoa ngazi aliyoijenga mwenyewe.

"Mbona unabomoa?"

"Kasema mnyapara. Mize, huyo mgongoni nani?"

"Wako. Lete mkono."

Akamfunga. Mnyapara akasema kaagizwa na waziri, akafungwa. Mara wanazuoni wakamzuia njiani, kila mmoja na kijiti chake cha kupimia.

"Na nyie hapa mnafanya nini?"

"Tumesimamisha kazi, tupime kwa nini imesimama."

"Nani kawatuma?"

"Sultani."

Akawafunga wote kumi na wawili, akamfunga na waziri, aliyesema vivyo hivyo. Ule msururu ukaburutana hadi barazani, mmoja akipiga chafya wote wanayumba. Mize akaupiga mguu wa Sultani fundo.

"Mimi?" akauliza Sultani.

"Nisamehe, Maulana, hawa niliowafunga wanasema kila Ijumaa ukitoka kuswali unakuja, unaugusa ukuta kwa bakora, unasema, 'Hapa sogezeni kidogo.'"

"Kidogo tu."

"Ndiyo, Maulana. Kidogo mara mia na arubaini."

Sultani akainuka kwa hasira, kamba ikakaza, waziri akaanguka, wanazuoni wakamwangukia, mnyapara akakalia ndoo ya chokaa. Kila mtu alikikumbuka kiapo cha shimo, na Sultani alikuwa wa kwanza, uso ukamsawijika.

Mize akaona sasa atakufa kwa kumfunga mfalme, akabubujika, "Maulana, shimo ni la anayechelewesha kazi, na kazi ikiwa imekwisha hakuna kinachocheleweshwa, basi sema imekwisha, neno moja tu, sema."

Sultani akatazama kasri, kuta tatu na dirisha moja linalochungulia nje pande zote mbili.

"Imekwisha," akasema.

"Maulana, halina paa," akasema waziri kutoka chini.

"Wewe utashika mwavuli."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na msururu mzima ukatikisika kwa kicheko chake. "Haya, binti, sema utakalo."

"Nimekwisha kupewa, Maulana," akasema Mize, kwani kasri limekwisha na mafundi wote ni huru.

Mawingu yalikuwa yameanza kudondosha matone, na waziri keshaitiwa mwavuli, Shomvi alipotoka langoni na mwanawe begani, mtoto analia kwa kubebwa na mtu mweupe wa chokaa asiyemjua. Akataka kusimama ambembeleze. Mize akamsukuma mgongoni.

"Tembea, baba. Atakuzoea njiani. Tembea kabla Maulana hajaona ukuta mwingine."