Siku Kilio Kilipotangulia Yowe

"Kilio hakitangulii yowe." Ndivyo nilivyomkaripia Mwanaidi jana, alipokaa kando ya dimbwi akimlilia mbuzi wake kwa jina, na mbuzi mwenyewe kichwa kingali juu ya tope, anapepesa macho. Mbuzi mmemvuta, yu hai, na asubuhi hii amekula mihogo yangu. Sasa mnataka kujua maneno yale yametoka wapi, na kwa nini niliyasema kwa hasira vile. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Nilipokuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika, hapa kwetu kila sauti ya uchungu ilikuwa na kazi yake. Mgonjwa alipiga kite. Aliyeonewa alilalama mpaka wazee wakamwita. Lakini sauti mbili ndizo zilizoinua kijiji kizima. Ya kwanza ni yowe, kali na la kukatakata: "Uwii! Uwii!" Maana yake kuna moto, kuna chui, kuna mtu yumo hatarini na bado hajafa. Ukilisikia unakimbia na ulichoshika, hata kama ni mwiko. Ya pili ni kilio, kirefu, cha kushuka, na jina la marehemu ndani yake. Kilio maana yake jambo limekwisha. Kwa kilio hakuna aliyekimbia. Wanawake walijifunga kanga wakaenda kwa mfiwa, na wanaume walibeba majembe wakaenda moja kwa moja makaburini. Na mfiwa haulizwi neno mpaka apoe. Kumwuliza amekufaje, au yuko wapi, ulikuwa ni utovu wa adabu. Tulijivunia sana adabu hiyo.

Basi palikuwa na mchimba visima, Semgaya, mtu mrefu, mwingi wa utani, aliyekuwa akisema anaijua ardhi kuliko fuko. Mwaka ule wa kiangazi alikuwa akituchimbia kisima kule bondeni, nyuma ya mashamba ya mtama. Kilikuwa kimefika kina cha watu watatu. Siku hiyo msaidizi wake aliamka na homa, na Semgaya akateremka peke yake kwa kamba, na mtarimbo wake mkononi, ili aweke mbao za kuzuia udongo.

Mkewe, Mashavu, akampelekea uji. Alipofika hapakuwa na shimo. Udongo ulikuwa umemeguka pande zote, na kamba imezama ndani yake. Akamwita mara mbili. Kimya. Msimlaumu haraka. Kaka yake Mashavu alifia kisimani miaka mitatu kabla, naye alimwona akitolewa. Moyo wake haukungoja kuhakikisha. Aliangusha kibuyu cha uji, akaweka mikono kichwani, akarudi nyumbani analia njia nzima: "Semgaya wangu eee, umeniacha na nani!" Akaanguka uani, akazimia. Alipozinduka alirudia maneno hayo hayo tu.

Tulimsikia. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nami nilikuwa shambani napalilia. Sikukimbia, wajukuu zangu. Nilikwenda nyumbani, nikanawa miguu, nikavaa nguo safi, nikachukua jembe lile lile nililokuwa nalo shambani, nikaenda makaburini. Tulikuwa wanaume kumi na watatu, wenye nguvu zetu. Udongo ulikuwa mgumu. Tulichimba kwa zamu huku tukimsifu marehemu. Mzee Kilua, aliyekuwa msimamizi wa maziko yote, alipima kwa fimbo yake akasema, "Ongezeni kidogo. Alikuwa mrefu."

Maiti ilikuwa wapi? Naam, hilo ndilo swali. Sisi tulidhani iko ndani kwa wanawake. Wanawake walidhani iko kwetu wanaume. Na mfiwa haulizwi.

Saa sita, kaburi likiwa limekaribia kwisha, tukasikia yowe kutoka bondeni. Alikuwa Bi Chausiku, kikongwe wa kitongoji cha pili mwenye mguu mbovu, ambaye naye alikuwa akija msibani. Alikata njia kwa kule chini, akachoka, akakaa kupumzika penye udongo mbichi. Tuliruka tukakimbia na majembe.

"Kuna nini, bibi?" aliuliza Mzee Kilua.

"Kuna mtu anagonga! Hapa chini! Tega sikio, wee!"

Nililala kifudifudi. Nikasikia mtarimbo ukigonga jiwe: ngo, ngo, ngo.

"Semgaya!" niliita.

Ngo.

"Nani aliyewaambia kafa?" Bi Chausiku alituuliza. Majembe yetu yalikuwa na udongo wa makaburini.

Tulichimba kama wendawazimu. Mwanzo aligonga mara kwa mara, kisha kwa kusitasita, kisha nikawa namwita na hanijibu. Kabla ya alasiri tukazifikia mbao. Zilikuwa zimeegemeana, zimemwachia nafasi ya kukaa. Hakuwa na jeraha hata moja. Mkono ulioshika mtarimbo ulikuwa bado una joto. Alikuwa amekufa kwa kukosa hewa tu.

Mashavu akaletwa. Wanawake walipofumbua vinywa waanze kilio, aliinua mkono.

"Nyamazeni. Kilio chake nilikwisha kukilia asubuhi, naye yu hai chini. Alihitaji yowe moja tu." Kisha akatugeukia sisi. "Na nyinyi baba zangu, mlikuwa wapi na majembe yenu?"

Mzee Kilua akavua kofia. "Makaburini, mwanangu," alisema.

Tulimzika alasiri ile ile. Kaburi lilikuwa tayari, na urefu wake ulimtosha. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sitaki nyinyi muione.

Siku ya tatu, baada ya dua, Mzee Kilua alisimama mbele ya watu wote. Alisema kuanzia siku hiyo mfiwa ataulizwa: yuko wapi, na nani amemwona. Na mtu asiyeona kwa macho yake atapiga yowe kwanza, hata kama moyo wake umekwisha kata tamaa. Mashavu alikuwa ameketi mlangoni. Wengi walimwonea huruma, na wengine, Mungu awasamehe, walimnyooshea kidole. Mimi sikuweza. Yeye alikosea kwa uchungu. Mimi nilikuwa na jembe mkononi, nikaenda kunawa miguu.

Kwa hiyo, Mwanaidi, sikukukasirikia wewe jana. Nilikuona umekaa unalia, na mbuzi anakutazama, nikasikia tena ule mtarimbo. Kilio kina siku yake, na siku hiyo haikosi kufika. Kilio hakitangulii yowe.