Miguu ya Muadhini Khuzaima

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemeni aliishi muadhini aliyeitwa Khuzaima bin Dirari. Alikuwa mja mwema, mwenye sauti ya kuwaamsha hata wavivu, na kila alfajiri alizipanda ngazi sitini za mnara kwa furaha. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: nyama. Asubuhi nyama, mchana nyama, jioni mafuta ya mkia wa kondoo. Mkate aliutumia kufutia sahani tu. Mboga alisema ni riziki ya mbuzi, naye akimsubiri mbuzi.

Alipotimiza miaka hamsini, miguu ikaanza kumvimba. Kidole gumba kikawa chekundu, kikimuuma hata shuka ikikigusa. Tabibu hakuzunguka: "Hili ni jongo, ewe Khuzaima, nalo limetokana na nyama. Ukiendelea hivi, mnara utauaga." Khuzaima akaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akala mbavu.

Sasa, watu wa mji ule walikuwa na desturi. Mcha Mungu aliyevimba miguu kwa kusimama usiku kucha katika sala waliitafuta dua yake, na aliyeitaka hakwenda mikono mitupu, alimpelekea mnyama. Walipomwona muadhini wao akichechemea, wakanong'onezana, "Subhanallah! Tazameni ibada ilivyomfanya."

Khuzaima akasikia, akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa mtihani wake, na kwa muda mrefu ulimshinda. Kondoo wakaingia uani, akawala, miguu ikavimba, sifa zikaenea, kondoo wakazidi.

Mkewe, Bibi Umaima, akamwambia, "Mume wangu, watu wanakulisha maradhi, nawe unawalisha uongo."

"Mimi sijasema neno lolote."

"Basi sema."

Hakusema. Mwishowe ngazi zikamshinda, akawa anaadhini mlangoni mwa msikiti, na sauti yake haikuvuka hata soko. Hilo lilimuuma kuliko kidole. Kila alipoutazama mnara machozi yalimlengalenga, na watu wakasema ni unyenyekevu.

Ijumaa moja, kabla ya sala, akaja hapo mlangoni mjane aitwaye Lubaba, akimvuta mbuzi jike mwenye kiwele kilichojaa.

"Sheikh, maziwa ya huyu ndiyo chakula cha wajukuu zangu watatu, na sina mwingine. Mchukue, uniombee mwanangu arejee salama kutoka safarini."

Khuzaima akamtazama mbuzi, na mbuzi akamtazama yeye. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona mbuzi asipate hamu. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka jasho likamtoka. Akajikokota hadi mbele ya safu, akasema kwa sauti yake ileile ya mnarani:

"Enyi waumini! Miguu hii haikuvimba kwa sala. Usiku mimi hulala fofofo, nimeshiba. Imevimba kwa kondoo wenu. Nisameheni, na Mola anisamehe."

Mzee mmoja wa safu ya mbele akaangua kicheko, na wengine wakamfuata, wala hakikuwa kicheko cha dharau. Khuzaima akahisi mzigo umemtoka kifuani.

Pale mlangoni, Lubaba akaifunga kamba ya mbuzi mkononi mwake mwenyewe. "Aliyejifedhehesha kwa ajili ya kweli, dua yake naitaka zaidi," akasema. "Niombee, Sheikh. Ila mbuzi narudi naye."

Akamwombea. Tangu siku hiyo akala shayiri, dengu na figili, huku Bibi Umaima akimuuliza kama riziki ya mbuzi ni tamu. Nyama ikawa ya Ijumaa, kipande kimoja, baada ya jirani kupata chake. Mwaka haukuisha kabla hajazipanda ngazi sitini, akipumzika mara tatu, na adhana ikavuka soko hadi mabondeni. Bibi Umaima alilia kwa furaha.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Khuzaima alijiumbua mwenyewe mapema, akapona mwili na roho. Na kila Ijumaa Lubaba alimpelekea bakuli la maziwa ya mbuzi yule. Aliyanywa miaka minane, ilhali nyama ya mbuzi huyo angeimaliza kwa siku mbili.