Matairi Mawili ya Namkunda

Mbele hupambwa na wengi, nyuma humgeuza mmoja.

Jana mliponisikia nikiyasema maneno hayo kwenye kikao chenu cha harusi, mlicheka. Mlidhani Bibi Nakiete amechoka na kikao. Kuchoka nilichoka kweli, maana tangu mchana mlikuwa mnabishana kuhusu maua ya jukwaa la maharusi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wapishi watapata wapi maji. Leo mmekuja kuniuliza methali ile imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga wa kale. Ilitoka hapa hapa milimani kwetu, kinywani mwa mtu mnayemwamkia kila siku, na chanzo chake ni hiki.

Mnamjua shangazi yenu Namkunda, yule wa duka la vipuri karibu na stendi, anayekaa kwenye kiti cha magurudumu. Nyinyi mmemkuta hivyo, mkadhani alizaliwa hivyo. Ni mtoto wa mdogo wangu, nimembeba mgongoni mimi. Enzi zake hakuna mtu katika milima hii aliyeendesha gari kama yeye, awe mwanamume au mwanamke.

Udereva aliufunzwa na marehemu baba yake, aliyekuwa dereva wa lori. Baadaye alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi gereji, na huko akanunua gari la michezo ambalo mwenye nalo alikuwa amelitelekeza injini ikiwa imekufa. Lilikuwa la bluu, la milango miwili, limekaa chini mno. Mimi nikishaingia nilihitaji mtu wa kunivuta nitoke. Namkunda alilifufua kwa mikono yake, kipande kwa kipande. Watu walipolisifia sura, yeye alituambia kwamba gari lile husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo uhai wake uko nyuma.

Miaka hiyo kulikuwa na mashindano ya kupanda mlima. Magari yaliondoka bondeni moja moja yakipimwa kwa saa, na kumalizia hapa kwenye uwanja wa soko. Mwaka ninaousema, klabu moja ya Dar ilitangaza kwamba mshindi itamwajiri awe dereva wake. Namkunda aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani. Wachumba walikuja wakarudi, na mama yake akawa analala na mawazo, lakini yeye alikuwa anaingoja siku hiyo tu. Kilichomkwamisha ni matairi, kwa sababu ya kwake yalikuwa yamekwisha, yote manne yamekuwa vipara.

Basi mji ukaunda kamati ya kumchangia. Sisi kwa kamati hatujambo. Mwenyekiti akawa Mzee Mrutu, muuza vifaa vya ujenzi, rafiki wa marehemu baba yake Namkunda. Sitasema alikuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, na mimi nimeishi vya kutosha kujua kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kukuumiza huku akikutakia heri.

Namkunda aliitwa kikaoni aseme anataka matairi gani. Akasema anataka manne ya aina moja, yenye mifereji mirefu ya kupitisha maji, na kwamba Moshi yapo. Hayana jina kubwa, lakini yanashika barabara ikilowa, na huku juu mwezi wa nane manyunyu hayapigi hodi. Kamati ikanung'unika. Mjumbe mmoja alikuwa ameona dukani matairi mapana ya mbio, yenye jina linalojulikana dunia nzima, ila yalikuwa yamebaki mawili tu, mengine mpaka yaagizwe. Mzee Mrutu akasema mji wenye heshima zake hauwezi kumtoa binti yake mbele ya watu na matairi ya teksi. Yakanunuliwa yale mawili.

Kubishana na watu waliokuchangia ni kazi ngumu, maana shukrani hutangulia na hoja hufuata nyuma ikichechemea. Namkunda akashukuru. Kisha akaomba kwamba, kwa kuwa ni mawili, basi yafungwe nyuma. Mzee Mrutu akajibu kuwa hilo litaangaliwa. Namkunda hakungoja liangaliwe. Jioni ya kuamkia mashindano aliyafunga nyuma mwenyewe, akaja kulala kwangu akiwa na furaha kama mtoto wa sikukuu.

Asubuhi madereva waliitwa pembeni wakaelezwe kanuni. Huku nyuma Mzee Mrutu akaja na mpiga picha na kopo la rangi nyeupe. Alitaka jina la duka lake liandikwe kwenye matairi yale mapya. Lakini mgeni rasmi angekuwa amesimama pale mwisho wa mbio, na gari lingemjia kwa uso. Herufi zikiwa nyuma angezisoma nani? Mzee akawaamuru vijana wayahamishie mbele, na vile vipara virudishwe nyuma, vipakwe dawa ya kung'arisha. Vikang'aa kweli, lakini kipara ukikipaka mafuta hakioti nywele.

Mimi nilifika na chupa ya chai wakati wanakaza nati za mwisho. Nikammiminia Namkunda aliyekuwa anarudi, akanywa funda moja tu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Akaona herufi nyeupe pale mbele, akazunguka nyuma, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi.

"Mzee, nani ameyahamisha?"

"Mimi, mwanangu. Ni kwa ajili ya picha na mgeni rasmi. Si yote yapo kwenye gari moja?"

"Barabara imelowa. Mbele itashika, nyuma haitashika. Gari litanigeuka."

"Utakwenda polepole kwenye kona."

"Kwa polepole sitashinda."

"Mwanangu, mji mzima umechanga. Usituaibishe mbele ya mgeni."

Namba yake ikaitwa. Namkunda akageuka. Pembeni alikuwa amesimama Kiondo, mtoto wa Mzee Mrutu, ambaye ndiye angekaa naye garini amsomee kona zinazokuja. Kijana alikuwa ameshavaa kofia yake ngumu, mkono uko kwenye mlango.

"Basi Kiondo apande, twende," Namkunda akasema.

Mzee Mrutu akayatazama matairi ya nyuma. Akaitazama barabara inavyopanda, inavyong'aa kwa maji. Kisha akamshika mwanawe mkono.

"Kiondo abaki," akasema. "Ameamka na mafua."

Kiondo hakuwa na mafua. Punde tu kabla ya hapo nilikuwa nimemwona anakula mihogo na wenzake, anacheka. Mwenyewe alishangaa, akamwangalia baba yake. Namkunda naye alimtazama yule mzee kwa muda, na nikaona kwamba ameelewa. Mimi pia nilielewa. Mzee alimwamini binti wa watu kiasi cha kumshusha mtoto wake, asimwamini kiasi cha kurudisha matairi mahali pake.

Najua mnataka kuniuliza kwa nini hakukataa. Watu wa klabu walikuwa wamekaa pale na miavuli yao. Mama yake alikuwa huku juu sokoni, amevaa kitenge kipya, anamngoja. Na kamati ikishakuchangia, kukataa kwako huitwa kiburi, hata ukiwa unakataa kufa. Alinirudishia kikombe, akaingia peke yake, akaondoka.

Sikuona kilichotokea. Waliokuwa kwenye kona ya mferejini wanasema alikuwa anakwenda vizuri kuliko wote. Alipoikata kona ile, mbele ilishika kama ilivyosifiwa. Nyuma ikateleza, ikatoka nje, ikapita upande hadi gari likageuka lote na kutazama lilikotoka. Likaenda kinyumenyume kwenye mwamba. Uti wa mgongo wa Namkunda ulivunjika hapo.

Kamati ilikaa haraka. Ikatoa tamko kwamba dereva alizidisha mwendo. Kisha wakaenda hospitali na maua na yule yule mpiga picha, na Namkunda akageuzia uso ukutani. Hakumlaumu mtu. Alikaa huko muda mrefu bila kuzungumza, mpaka mdogo wangu akaanza kuogopa kwamba akili nayo imeondoka. Ile nafasi ya klabu akapewa kijana wa Arusha. Simchukii kijana wa watu, lakini hata leo sipendi kusikia jina lake.

Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, mama yake alikuwa anamsukuma pale stendi, mimi nimebeba mizigo. Gari la Mzee Mrutu likasimama. Akashuka, akatusalimu kwa maneno matamu, akasema yote ni mipango ya Mungu. Namkunda hakumtazama usoni. Kile kiti kilikuwa kimemshusha, macho yake sasa yakawa sawa na magurudumu ya magari. Alikuwa anatazama matairi mapana yenye herufi nyeupe zilizofutika nusu. Yale ya mbele hayakupata hata mkwaruzo siku ile, na kamati iliona si vizuri mali ipotee bure.

"Mzee," akamwuliza, "haya mbona umeyafunga nyuma?"

Mzee Mrutu akajibu bila kufikiri. "Fundi ameshauri. Mvua ikinyesha, gari lenye vipara nyuma ni hat..."

Hakulimaliza neno. Stendi nzima ilikuwa inasikiliza, wapiga debe kwa wauza ndizi, na wote walikuwepo siku ya mashindano.

"Mbele hupambwa na wengi," Namkunda akasema taratibu, "nyuma humgeuza mmoja." Akamwomba mama yake amsukume waende.

Kufikia siku ya gulio, kila mtu alikuwa na maneno hayo mdomoni, yamekuwa methali. Mkidhani Mzee Mrutu aliona haya, mmekosea. Kamati yake iliendelea, na alichaguliwa tena. Siku hizi, akisimama kwenye hafla, methali hiyo huitumia yeye mwenyewe kupambia hotuba, na watu wanampigia makofi. Namkunda huyasikia makofi hayo akiwa dukani kwake, kwa sababu uwanja hauko mbali. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile gari.

Haya, nendeni mkamalizie maua yenu. Lakini kabla hamjamaliza, mmoja wenu amtafute mpishi mkuu, yule ambaye wageni watamtukana chakula kikichelewa, amwulize anahitaji nini. Akisema maji, msimjibu kwamba litaangaliwa. Kwa sababu siku ya lawama mtakuwa mmesimama kwenye picha nyote, naye atakuwa peke yake jikoni. Mbele hupambwa na wengi, nyuma humgeuza mmoja.