Mtoto wa Mwinshehe na Watunzi Wawili

Hapo zamani, enzi zile bendi ikipiga mjini Morogoro hata kuku wanaujua mtindo wake, palitokea kisa cha mbuzi, mtoto mchanga na watunzi wawili wa nyimbo. Atakayekuambia alikisikia kwa watu, mwambie anyamaze. Mimi nilikuwepo. Nilisimama karibu kuliko mbuzi mwenyewe. Niliona yote, nikasikia yote, na pilau ingewahi kuiva ningekula yote. Basi tegeni masikio, maana mwisho wa habari nitauliza, na asiyejibu atakuwa amesinzia.

Palikuwa na kinyozi, jina lake Mwinshehe. Kibanda chake kilikuwa na mabenchi mawili. Benchi la kulia lilikuwa la Watu wa Maneno. Benchi la kushoto lilikuwa la Watu wa Gitaa. Ukikaa benchi si lako, hunyolewi, unachekwa.

Sababu ya mabenchi hayo ni bendi ya Bigwa Jazz na watunzi wake wawili, Shomari na Athumani. Shomari alitunga maneno. Lakini sauti yake, ee Mola! Akiita paka, paka anahama nyumba. Athumani alipiga gitaa la solo. Lakini maneno hana. Ukimpa shikamoo anakuitikia kwa nyusi. Huyu peke yake si kitu, yule peke yake si kitu. Wakikutana, mji mzima unaacha sufuria jikoni.

Mashabiki hawakutaka kusikia habari ya kukutana. Walitaka kujua nani zaidi.

"Gitaa bila maneno," alisema Pazi, fundi cherehani, mkuu wa benchi la kulia, "ni mbu aliyevaa suti."

"Na maneno bila gitaa," alijibu Bi Mashavu, muuza vitumbua, mkuu wa benchi la kushoto, "ni hotuba ya mkutano wa hadhara. Nani alishacheza hotuba, Pazi? Wewe umewahi kuicheza?"

Mwinshehe alisimama katikati na wembe wake, akakubaliana na kichwa alichokishika. Akimnyoa mtu wa Maneno, yeye Maneno. Akimnyoa mtu wa Gitaa, yeye Gitaa. Ndivyo alivyokula mkate wake bila ugomvi miaka na miaka.

Sasa, ndugu zangu, kinyozi huyu alioa. Alioa kwa wimbo. Jumapili moja kulikuwa na dansi la mchana, lile tulilokuwa tukiliita bugi, na madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa magunia ili pafanane na usiku. Mwinshehe alikwenda na koti la kuazima. Bendi ikapiga "Nipe Jibu Kabla ya Mvua". Ulikuwa na maneno haya:

*Nipe jibu kabla ya mvua,*
*nguo za kuazima hazivumilii maji.*

Aliingia ukumbini peke yake, akatoka na mchumba, jina lake Tausi. Siku ya harusi furaha ikampanda kichwani. Akapanda juu ya kiti, mbele ya mabenchi yote mawili, akaweka nadhiri: "Mwanangu wa kwanza wa kiume atabeba jina la yule aliyenipatia mke!"

Tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza ni nani huyo. Nadhiri ni kama kumeza mwiba wa samaki, kuingia unaingia. Kutoka ndipo atakapoitwa jirani.

Mungu si Athumani, akampa mtoto wa kiume.

Siku ya saba ikafika, siku ya akika. Mtoto anyolewe nywele, apewe jina, mbuzi achinjwe kwa jina hilo. Watu wakajaa uani, na mabenchi yote mawili yakaletwa toka kibandani, moja kulia, moja kushoto. Shomari na Athumani walialikwa, wakaketi mkeka mmoja wakigombea mto wa kuegemea. Na palikuwa na mtu mwingine, Kobelo, kaka yake Tausi. Nanyi mnajua, kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba si mgeni aliyekuja kula.

Kobelo akasema kwa upole, upole ule wa mtu aliyekwisha shinda: "Shemeji, nadhiri yako naiheshimu. Ila adhana ya adhuhuri ikitoka huna jina, mimi ninalo. La babu yetu mzaa mama."

"Aliitwa nani?"

"Magimbi."

Mwinshehe akamkumbatia mwanawe. Alikuwa kinyozi, alijua watoto wanavyotaniana wakisubiri zamu. Akawasikia tayari: *Magimbi, njoo kwa chai! Magimbi, umemenywa?* Mwanawe, aliyemsubiri kwa dua, ataishi maisha yake yote akitafutwa na birika.

Mbuzi akalazwa, akaelekezwa kibla. Maalim akashika kisu. Akauliza: "Jina?"

"Bado, Maalim," akasema Mwinshehe.

"Mbuzi anangoja."

Pazi akasimama. "Mtoto ni Shomari! Hili nalo la kuuliza? Mwinshehe alikwenda pale na koti si lake, na wimbo ukasema nguo za kuazima hazivumilii maji. Msichana akalitazama koti, akacheka. Msichana akicheka, bwana, nusu ya posa imejibiwa. Alichekeshwa na nini? Na maneno!"

Benchi la kulia likashangilia.

Bi Mashavu hakusimama, alipanda juu ya kinu. "Mtoto ni Athumani! Nani anasikiliza maneno ukumbini? Kuna ule mzunguko wa gitaa kabla ya kiitikio, ule unaopanda kama mtu anayepanda ngazi na beseni la maji kichwani, unaogopa litamwagika, halimwagiki. Pale ndipo Tausi aliponyanyuka kitini. Nilikuwa nyuma yake! Msichana ameketi hachumbiwi, Pazi. Alinyanyuliwa na nini? Na gitaa!"

Benchi la kushoto likashangilia.

"Jina?" akauliza Maalim.

"Bado, Maalim."

"Mbuzi anangoja."

Akatokea msuluhishi. Kila uwanja una msuluhishi, ndiyo maana ugomvi hauishi. Akasema: "Mpeni yote mawili. Aitwe Shomari Athumani."

Bi Mashavu akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. "Shomari Athumani? Yaani Shomari mwana wa Athumani? Haya, Mwinshehe, umekubali? Mtoto amfuate baba yake akajifunze gitaa?"

"Basi Athumani Shomari!" akasema msuluhishi haraka.

"Huyo naye ni baba mwingine," akasema Kobelo. "Shemeji, dada yangu alikuwa na wanaume wangapi katika bugi hilo?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mwinshehe hakucheka. Alimpakata mwanawe, wembe mkononi, nywele zimenyolewa upande mmoja tu, upande wa pili bado. Akamtazama yule mtoto apate la kusema. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, kichwa alichokishika hakikuwa na maoni.

Ndipo akawaendea wenyewe pale mkekani. Akapiga magoti. "Kaka zangu, niokoeni. Huu wimbo ni wa nani hasa? Mmoja wenu aseme ni wangu, nami nimalize."

Shomari akamtazama Athumani. Athumani akamtazama Shomari. Ilikuwa kama watu wawili waliokutwa shambani kwa mtu.

"Maneno mengi ni yangu," akasema Shomari. "Ila hilo la nguo za kuazima si langu. Siku hiyo huyu bwana alivaa suruali ya kuazima, tukanyeshewa njia nzima toka Kihonda, ikanywea, ikapanda hadi magotini. Akalalamika. Mimi nikaandika."

Watu wa Maneno wakashika vichwa.

"Na ule mzunguko?" akauliza Bi Mashavu, sauti imeanza kupungua.

Athumani akafungua kinywa. Watu waliokuwa mbali wakasogea, maana kumsikia Athumani akisema ni kama kuona nyoka akitembea wima. "Huyu hawezi kuimba," akasema, "lakini anapiga mluzi akiwa anaoga. Niliusikia kupitia ukuta wa makuti. Nikautia vidole tu."

Basi neno walilolipenda Watu wa Maneno lilikuwa la mpiga gitaa. Na gitaa walilolipenda Watu wa Gitaa lilikuwa la mtunga maneno. Nyinyi mngefanya nini? Mngesema haya, yamekwisha, tupatane? Hamjui mashabiki! Pazi alibeba benchi lake na watu wake kwenda kushoto. Bi Mashavu alibeba lake na watu wake kwenda kulia. Wakapishana katikati ya uwanja bila kusalimiana. Wakakaa. Wakaanza upya.

"Mtoto ni Athumani!" akapaza sauti Pazi.

"Mtoto ni Shomari!" akapaza sauti Bi Mashavu.

"Jina?" akauliza Maalim, akihamishia kisu mkono wa pili.

"Bado, Maalim."

"Mbuzi kachoka. Na mimi nimechoka."

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, alikoketi mama mtoto. Tausi akasema: "Mbona mimi hamniulizi? Kwani aliyepatikana ni nani?"

Kweli, hatukuwa tumemuuliza.

"Nilicheka koti, ndiyo. Nilinyanyuka kitini, ndiyo. Nilinyanyuka niende zangu nyumbani! Nikafika katikati ya ukumbi, umeme ukakatika. Magunia madirishani, giza kama ndani ya mtungi. Gitaa likafa. Kipaza sauti kikafa. Kila mtu akatafuta mlango. Sasa niambieni, nani alituzuia?"

Watu wakageuka taratibu kutazama upande wa jikoni. Huko, karibu na sufuria kubwa, alikuwa amechuchumaa Feruzi, mpiga tumba wa Bigwa Jazz, mkono mmoja una mfupa aliouchomoa kwenye pilau ambayo haijaiva.

"Feruzi hakuacha," akasema Tausi. "Alipiga tumba peke yake gizani, watu wakarudi mmoja mmoja, wakaimba wenyewe."

"Ni kweli niliendelea," akasema Feruzi akijifuta mdomo. "Mimi hupiga nimefumba macho. Sikujua kama umeme umekatika. Lakini kazi nilifanya. Bila tumba wangetawanyika, na huyu dada sasa angekuwa mke wa mtu mwingine. Mtoto ni Feruzi. Jina zuri, halina hata mwenye kulitania."

"Hee!" Athumani na Shomari wakaruka pamoja kutoka mkekani, ndiyo mara ya kwanza nilipowaona wakikubaliana bila kusukumana. "Gizani waliimba," akasema Shomari. "Waliimba nini? Magome ya miti?" "Wimbo wetu," akasema Athumani. Hayo yakawa maneno yake ya mwaka mzima.

Mwinshehe akamgeukia mkewe. Macho yalikuwa yanamwomba. "Mama mtoto, sema wewe. Ni tumba, basi? Nimwite Feruzi tumalize?"

Tausi akatabasamu. "Tumba lilinizuia ukumbini tu. Gizani palikuwa na wanaume wengi. Wewe ulikuwa umesimama tuli kama nguzo, unaogopa kupasua koti la watu. Nilipapasa, nikaligusa hilo koti, nikakushika mkono. Hukunipata, Mwinshehe. Nilikupata mimi."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi akataka kusimama.

Kobelo akakunja mikono. "Umesikia, shemeji? Nadhiri ilisema jina la aliyekupatia mke. Aliyekupatia mke ni dada yangu. Mtoto wa kiume hawezi kuitwa Tausi, kwa hiyo haki yake inarudi ukooni. Na ukoo umeshasema. Magimbi."

"Shemeji, nakuomba."

"Magimbi ni jina la mtu aliyelima Uluguru mzima."

Pale msikitini muadhini akawasha kipaza sauti. Tukamsikia akikohoa kusafisha koo. Maalim akainama juu ya mbuzi. Mwinshehe akamshika mwanawe kwa mikono miwili, kinywa wazi, na mara hii Maalim hakuuliza, alimtazama tu.

Hapo ndipo ninapowaachia. Yote niliyosema ni kweli tupu, ila dogo moja nililitunga mwenyewe, nalo nalisema kwa sababu mimi ni mkweli kupita kiasi. Feruzi hakufumba macho. Aliliona giza kama tulivyoliona sote, akatuona tunakimbilia mlango, akaamua kupiga. Niliyafumba macho yake mimi, maana kwetu benchi la kushoto, Watu wa Gitaa, mpiga tumba hasifiwi.

Haya, muadhini ameshavuta pumzi. Kuna Athumani wa suruali iliyolowa, kuna Shomari wa mluzi bafuni, kuna Feruzi aliyepiga gizani, na kuna Tausi aliyenyoosha mkono, na nyuma yake Kobelo na jina lake. Je, nani alistahili jina la mtoto yule?