Nusu ya Aliyeleta Vyombo

Katika bendi moja ya Korogwe, bosi Shekiondo hakujua kupiga chochote ila mluzi, na bado kila shughuli aliondoka na nusu ya malipo. "Nusu ni ya aliyeleta vyombo," alikuwa akisema. "Nusu nyingine gawaneni ninyi sita." Spika ikiungua, ilitengenezwa kwa pesa za wale sita.

Machupa, mpiga tumba, hakubisha. Siku ya harusi ya binti wa Bi Nuru alitangulia asubuhi, akisukuma mkokoteni uliofunikwa turubai.

Watu walipokwisha kula na kucheza, Bi Nuru akaja na bahasha.

"Bosi," Machupa akasema kwa adabu, "mweleze mama utaratibu wetu, asije akakosea."

Shekiondo akatanua kifua. "Nusu mpe aliyeleta vyombo, mama. Nusu wape wapigaji."

"Hutageuka, bosi?"

"Nigeuke? Wallahi, bila vyombo hakuna shughuli!"

"Kweli kabisa," Bi Nuru akasema. Akahesabu nusu, akamkabidhi Machupa. "Ahsante, mwanangu. Bila zile sahani mia mbili ulizotuletea, wageni wangeniumbua."

Shekiondo akatoa macho. "Mama, mimi nilisema vyombo!"

"Kwani sisi tumelia pilau kwenye spika?"

Bi Nuru alipotoa na nusu ya wapigaji, Machupa akazigawa pesa zote mafungu manane yaliyo sawa: saba ya watu, bosi akiwemo, na moja la kutengenezea spika.

"Usinune, bosi," akamwambia. "Vyombo bado ni vyako. Nimekuwekea pale bombani, na sabuni yake."