Jiwe la Mvua la Senkondo

Enzi zile, wajukuu, enzi zile hasa, milima ilikuwa ikiitwa inaitika. Wewe, acha kumfinya mwenzako, usikie.

Huko Upareni palikuwa na mama, Namkunda, na mwanawe wa pekee, Senkondo, kijana wa kujisifu. Jua likachoma, likachoma, hadi ng'ombe wakalamba mawe. Siku hizo mvua iliombwa mlimani, na mlima ulikupa mvua yako ndani ya jiwe. Aliyeomba ndiye aliyebeba hadi kijijini. Ukiomba kidogo, jiwe dogo. Ukiomba nyingi, shauri yako.

"Omba ya mwezi mmoja, mwanangu," Namkunda akasema.

"Niache, mama. Naomba ya mwaka mzima."

Mlima ukanguruma, likatoka jiwe jeusi, baridi, radi inatembea ndani yake. Namkunda akamtwika mwanawe kichwani. Wakashuka, wakashuka, shingo ya kijana ikaanza kutetemeka. Mama akashindwa kuvumilia, akampokonya jiwe, akajitwika mwenyewe.

Lo, watoto. Kila hatua jiwe likavimba. Likavimba, likavimba, miguu yake ikazama ardhini hadi magotini. Mlima ukamwita kwa jina, na ndege wote wakanyamaza.

"Namkunda. Nani kakwambia ubebe?"

"Ni mwanangu huyu. Litamuua."

"Mwana ni wako. Jiwe ni lake."

Akalia, mama wa watu, kisha akamtwika tena. Jiwe likanywea, likawa kama lilivyotoka, naye akachomoa miguu yake. Akamfuta jasho, akamnywesha maji, akatangulia kumwondolea miiba njiani. Senkondo akaenda, akaenda, akachoka. Akalitupa.

Mvua ya mwaka mzima ikamwagika palepale, porini pasipo na mtu. Majabali yakapasuka, bonde likawa ziwa mbele ya macho yao. Wakasimama wameshikana mikono. Kijijini halikudondoka hata tone.

Watu wakamjia Namkunda wamefura. "Mwanao katufanyia nini?"

"Yumo ndani. Mwulizeni." Ulimi ulimwasha kumtetea, lakini akajikaza, akaendelea kumpikia makande yake.

Senkondo akatoka, akayasema yote mwenyewe, kichwa chini. Kulipopambazuka akapanda tena na mama yake, akaomba ya mwezi mmoja. Namkunda akamtwika, kisha akaondoa mikono. Kuondoa mikono kulimwuma kuliko magoti yale yaliyozama. Lakini mvua ikafika.

Kwa hiyo umpendaye mtwike, mpe maji, fuatana naye. Shingo mwachie iwe yake.

Kisa kimerudi kwao mlimani, nasi turudi kwetu.